Mchumia Juani Hulia Wapi?

Saa tisa alasiri, kituo cha basi kisicho na paa. Ukiwaona kwa mbali wale watu tisa waliojipanga mmoja nyuma ya mwingine, utadhani wako kwenye foleni ya basi. Wapi! Ile ni foleni ya kivuli. Nguzo ya umeme imelaza kivuli chake chini, chembamba kama bega la mtoto, na kila mmoja anajitahidi kuingiza humo walau kichwa. Jua likisogea, kivuli nacho kinasogea, na mstari mzima unajongea ubavuubavu bila mtu kusema neno, kama mshale wa saa. Mimi nilikuwa wa saba. Aliyekuwa mbele yangu alimbeba mtoto mgongoni, na kwa kuwa kivuli hakikuwatosha wawili, alisimama upandeupande ili jua limpige yeye usoni, mtoto apumzike.

Siku hiyohiyo nilishukia kwenye mtaa ambao matawi ya miti ya upande huu wa barabara yameshikana na ya upande wa pili. Ukiingia tu, ngozi inapoa. Na hapakuwa na mtu. Kivuli chote kile, hatua kwa hatua, kilikuwa kimefunika magari yaliyoegeshwa. Binadamu pekee aliyekuwa akikifaidi ni mlinzi mmoja aliyeketi langoni, naye jioni ikifika anarudi kulala kwingine.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii inachukulia kwamba kivuli kipo, kwamba kazi ikiisha utakikuta. Katika miji mingi ninayoifahamu kwa kuitembea au kwa kuisoma, mchumia juani hufanya kazi juani, husubiri basi juani, kisha hurudi kulala kwenye chumba kilichoshinda juani. Kivuli kiligawiwa zamani, siku ile ardhi ilipogawiwa, na yeye hakuwapo kwenye mgao. Ndiyo maana kila nikisikia kiongozi ametangaza kupanda miche elfu kadhaa, swali langu huwa ni lilelile: inapandwa wapi, na nani ataibebea maji?

Tuanze na joto lenyewe, maana wapo wanaodhani tunazungumzia mapambo. Lami na zege hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitema usiku. Chumba ambacho ukuta wake umepigwa na jua la magharibi hubaki na fukuto mpaka usiku wa manane; weka kiganja chako ukutani saa tatu usiku, utahisi kama unampima mgonjwa wa homa. Mti hufanya kazi mbili hapo. Unalizuia jua lisifike chini, na unatoa maji kupitia majani yake, ambayo yakigeuka mvuke huondoka na joto. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, unaeleza kwamba wakati wa joto kali sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa baridi kuliko iliyo wazi kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi. Hilo ni joto la paa au lami yenyewe. Hewa hupoa kwa nyuzi 1 hadi 5. Mwenye kiyoyozi ataona nyuzi mbili si kitu. Mzee mwenye moyo dhaifu aliyelala chini ya bati haoni hivyo.

Kuna jambo moja katika elimu hii ya joto ambalo wapanga miji wangelibandika ukutani. Mwaka 2019 mtafiti Carly Ziter na wenzake walichapisha matokeo ya kupima joto katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, kwa kuzunguka mitaani na baiskeli iliyofungwa vipima joto. Waliona kwamba ubaridi unaongezeka kwa kasi zaidi pale matawi yanapofunika asilimia 40 au zaidi ya mtaa. Maana yake ni chungu kidogo. Mtaa ambao tayari una miti mingi, ukiuongezea michache, unaona tofauti haraka. Mtaa mtupu unahitaji mingi sana kabla haujaanza kupoa sawasawa. Kwa hiyo mtawala anayetafuta matokeo ya bei nafuu kabla ya uchaguzi ana kila sababu ya kupanda miti mahali penye miti. Usawa una gharama kubwa zaidi, na ni heri tuseme hivyo tangu mwanzo kuliko kuahidi kwamba utapatikana kwa wikiendi moja ya kujitolea.

Kiswahili chenyewe kilishaliweka jambo hili kwenye kumbukumbu. Mwambie mtu achore uzunguni: kabla hajachora nyumba, atachora miti. Mwambie achore uswahilini, utapata mabati yaliyobanana na kichochoro cha kupita mtu mmoja. Leo tunayatumia maneno haya kwa utani, lakini yalianza kama ramani. Dar es Salaam chini ya Waingereza ilikuwa na kanda tatu za ujenzi: ya kwanza kwa makazi ya Kizungu, ya pili kwa maduka na makazi ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu kwa Waafrika, kila moja na viwango vyake. Ukipewa kiwanja kikubwa, nafasi ya mti inabaki yenyewe. Ukipewa kipande cha kutosha kuta nne, mti utausimamisha wapi, juu ya kitanda? Hata Mnazi Mmoja, uwanja wa wazi ambao wengi tunauona kama zawadi ya jiji, uliachwa wazi ili kuwatenganisha wakazi wa Uhindini na mitaa ya Waafrika, kwa hoja ya afya. Eneo la kijani lililofanya kazi ya ukuta.

Nairobi ilifuata mantiki hiyohiyo kwa kutumia udongo. Wazungu walijitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu na misitu. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka tope masika. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, una takriban hekta 1,000 na umepakana na mitaa ya wenye nacho ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Uliokolewa kwa ajili ya wote, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini mkazi wa mabanda ya Mukuru, upande mwingine kabisa wa jiji, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na kiingilio cha getini, kabla hajagusa mti wa kwanza.

Afrika Kusini waliliandika kwenye sheria mwaka 1950, sheria iliyoamua nani aishi eneo gani kwa rangi yake. Utafiti wa mwaka 2020 uliotazama nchi nzima kwa picha za setilaiti ulikuta kwamba maeneo yenye wakazi wengi Wazungu yana miti zaidi, na wakazi wake wako karibu na bustani ya umma kwa wastani wa mita 700 kuliko wengine. Robo karne baada ya kura ya 1994! Sheria zilifutwa kwa siku moja, lakini mti uliopandwa chini ya sheria hizo unaendelea kumtumikia aliyepandiwa.

Mfano uliopimwa kwa undani zaidi, hata hivyo, ni wa Marekani. Mwaka 1933 serikali ya huko iliunda shirika la kuwakopesha wenye nyumba waliokuwa wakizama katika mdororo wa uchumi. Katika miaka iliyofuata, watumishi wa shirika hilo walichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa na rangi yake. Kijani ni salama kwa mkopo, buluu ni nzuri, njano inashuka, nyekundu ni hatari. Mitaa ya watu Weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mara. Mwaka 2020 watafiti walichukua ramani hizo za miji 108 wakazilinganisha na joto la ardhi la siku hizi. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyopakwa nyekundu ina joto zaidi kuliko mingine, tofauti ikiwa wastani wa nyuzi 2.6 na katika miji mingine kufikia 7. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, wa miji 37, ukapima matawi: mitaa iliyokuwa ya kijani kwenye ramani ilikuwa na wastani wa asilimia 43 iliyofunikwa na miti, na ile iliyokuwa nyekundu asilimia 23.

Karani aliyeshika kalamu nyekundu hakuwa akifikiria miti hata kidogo. Lakini pasipo mkopo nyumba haikarabatiwi, thamani ya kiwanja inashuka, na pale ardhi ilipo rahisi ndipo inapopitishwa barabara kuu, panapojengwa ghala, panapomwagwa lami ya kuegesha malori. Ubaguzi wa mikopo ya nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968, na joto likabaki palepale.

Ili nisionekane ninasema haya ni maandiko ya mbinguni, kuna Singapore. Lee Kuan Yew, aliyekuwa waziri mkuu wa huko, alianza kampeni ya kupanda miti mwaka 1963, na mwaka 1967 ikatangazwa azma ya kuufanya mji kuwa bustani. Baadaye alieleza kwamba walikusudia kutotofautisha mitaa ya wafanyakazi na ile ya watu wa kipato cha kati, kwa sababu alikumbuka jinsi Waingereza walivyoyafanya maeneo yao kuwa masafi na ya kijani kuliko ya wenyeji. Kwa kuwa wakazi wengi wa huko wanaishi kwenye nyumba za umma, miti iliwekwa kwenye ramani ya ujenzi pamoja na ngazi na mabomba. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kulalamikia utawala wa Lee, na mimi nayo ninayo. Katika hili aliona mbali.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Miaka 11 iliyopita nilishiriki siku ya kupanda miti. Fulana zilikuwepo, spika zilikuwepo, na mgeni rasmi alikuwepo, akapanda mche kwenye shimo alilochimbiwa na wengine. Tulipanda miche 42 kando ya barabara isiyo na kivuli, tukapiga picha, tukaondoka. Nilirudi baada ya mwaka mmoja na nusu kwa shughuli nyingine kabisa. Ulikuwa umebaki mmoja.

Niliutazama kwa karibu mmojawapo wa iliyokufa. Kamba ya plastiki iliyoufunga kwenye kijiti ilikuwa imekata gome na kuzama ndani, kwa sababu hakuna aliyekuja kuilegeza mche ulipokuwa ukinenepa. Udongo kuuzunguka ulikuwa umeshindiliwa na nyayo mpaka ukawa kama tofali. Nilimwaga maji ya chupa yangu, yakateleza juu yake, yakaishia mtaroni. Ule uliopona ulikuwa mbele ya nyumba ya mama mmoja, hatua mbili kutoka kwenye kiungo cha bomba kilichokuwa kikivuja. Hakuna aliyeumwagilia. Uzembe wa watu wa maji ulifidia uzembe wetu sisi watu wa miti. Na kwenye ripoti ya siku ile bado imeandikwa: miche 42.

Tatizo la sera nyingi liko hapohapo. Kinachohesabiwa ni kilichotiwa shimoni. Mche wa mtaani unahitaji maji ya mara kwa mara kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, unahitaji kufunguliwa kamba, kupogolewa, kulindwa dhidi ya magurudumu na mpira wa watoto. Kwenye mtaa wenye bomba la bustani na mtunza bustani, hayo yanafanyika bila sera yoyote. Kwenye mtaa ambao maji ya kunywa yenyewe yanabebwa kwa ndoo, kumwambia mtu amwagilie mti wa serikali ni kumwongezea kodi.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, waliligeuza swali. Baada ya maporomoko ya udongo ya tarehe 14 Agosti 2017 yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, kwenye milima iliyokuwa imevuliwa misitu, meya Yvonne Aki-Sawyerr alianzisha mwaka 2020 mpango wa kupanda miti milioni moja. Idadi hiyo hainisisimui. Kinachonivutia ni kwamba kila mche unapewa namba yake, na mkazi wa eneo lile analipwa kwa kurudi kuutunza, kuupiga picha kwa simu na kuthibitisha kwamba u hai. Fedha inafuata uhai wa mti. Medellín, Kolombia, nako, kuanzia mwaka 2016, walipanda njia 30 za kijani kando ya barabara na mitaro ya maji, wakawafundisha watu 75 kutoka familia duni kazi ya utunzaji bustani na kuwaajiri. Jiji linasema joto limeshuka kwa nyuzi 2 kwenye maeneo hayo. Kutunza mti kuliandikwa kama kazi, yenye mshahara.

Halafu kuna wanaokataa. Hapa ndipo watu wa mazingira tunapokasirika haraka, na tusikasirike. Jijini Detroit, kati ya mwaka 2011 na 2014, shirika moja lilikwenda mtaa kwa mtaa likitoa miti ya bure kabisa, na karibu robo ya wakazi waliofikiwa walikataa. Mtafiti Christine Carmichael alikwenda kuwauliza. Walijua vizuri faida za mti. Lakini hawakuulizwa wanataka mti gani, waliona jiji lililoacha miti mizee ikauke na kuangukia nyumba, na wakajua mzigo wa kufagia majani na kukata matawi utawaangukia wao. Wapo waliokumbuka kwamba baada ya ghasia za mwaka 1967 miti ilikatwa, na waliamini ilikatwa ili helikopta za polisi ziwaone vizuri. Jiji lilikuwa na maelezo yake, ya ugonjwa wa miti. Miti ile kweli ilikuwa inaugua. Lakini mtu ambaye mti wake uliondolewa bila kuulizwa, halafu analetewa mwingine bila kuulizwa, ana haki ya kufunga mlango.

Vipimo vipo sasa, na ni vizuri. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kanuni ya 3-30-300: kila mtu aone miti 3 akiwa nyumbani kwake, mtaa wake ufunikwe na matawi kwa asilimia 30, na asitembee zaidi ya mita 300 kufika bustani. Ninaipenda hiyo ya kwanza kuliko zote, kwa sababu huwezi kuidanganya kwa wastani wa jiji zima. Mtu anakwenda dirishani, anahesabu. Mwaka huohuo shirika la American Forests lilianza kutoa alama za usawa wa miti kwa kila mtaa wa mjini Marekani, likichanganya matawi, kipato, umri na joto, ili fedha ianzie penye alama ndogo. Mwaka 2022 sheria ya huko ikatenga dola bilioni 1.5 kwa miti ya mijini, mkazo ukiwa kwenye mitaa iliyosahauliwa. Mapema 2025 baadhi ya ruzuku hizo zikakatizwa njiani, mojawapo ikiwa ya dola milioni 75 iliyokuwa inagawiwa na shirika la upandaji miti la Arbor Day Foundation. Mti unataka miaka mingi kutoa kivuli cha maana. Serikali inataka matokeo kwa minne.

Kuna hofu moja ambayo wapangaji wa vyumba wanaijua kuliko wataalamu. Mtaa ukipendeza, kodi ya pango inapanda. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa kicheko kwamba afadhali vumbi lake, maana vumbi halijawahi kumtoa mtu kwenye chumba. Sioni jibu lingine zaidi ya kuifunga sera ya miti na sera ya nyumba kwa kamba moja: mahali fedha ya umma inapoleta kivuli, pawe na ukomo wa kupandisha kodi kwa miaka kadhaa. Wenye nyumba watapiga kelele, na wapige. Bila hivyo tutakuwa tumewapandia miti wale watakaohamia.

Na nani alipe mti ukishakua? Hili mipango mingi inaliruka. Mizizi huinua njia, tawi huanguka juu ya bati. Kuna miji inayomtwika gharama hiyo mwenye nyumba aliye karibu, hata kama mti ni wa barabarani na alipandiwa na wengine. Tajiri anaita fundi. Maskini anaita mwenye shoka, mapema, kabla mti haujawa mkubwa, na simlaumu.

Ule mche wa kwenye bomba sasa ni mti. Bomba lilikuja kutengenezwa, lakini mizizi ilikuwa imeshazama. Nilipita pale mwezi uliopita, nikakuta chini yake fundi viatu na benchi lake, wanafunzi wawili, na watu kama sita wanaosubiri basi, wamesimama vyovyote wanavyotaka. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni na karatasi mkononi. Ofisi moja imemwandikia kwamba mizizi imeharibu njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake: agharimie matengenezo, au mti ukatwe.

"Wote hawa wanakaa kivulini," aliniambia, "barua nimeletewa mimi. Wewe unaonekana umesoma, mwanangu. Hawa waliopanda huu mti, mtu anaweza kuwapata?"

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mmoja wao."

Akanitazama kwa muda, kisha akanikabidhi barua.